Dakika Nane za Kibanda cha Tisa

Kabla sijaijua sura yake niliijua amri yake. Ilikuwa imeandikwa kwa wino mwekundu kwenye kibao kidogo mlangoni pa maabara ya lugha: Viatu hapa. Vumbi huko nje. Hapakuwa na neno la kubembeleza wala la kushukuru. Chuo chetu kilikuwa kando ya mji wa Kitui, na wakati wa kiangazi udongo mwekundu wa huko huingia hata ndani ya kalamu. Yeye alilichukulia vumbi kama adui aliyemjia yeye binafsi. Ufagio ulikuwa marufuku chumbani mwake. Tulipangusa sakafu kwa kitambaa chenye maji, tumepiga magoti, kuanzia ukuta wa ndani hadi mlangoni. Aliyeanzia mlangoni alirudia.

“Vumbi halina haraka,” alikuwa akituambia. “Linangoja wewe uchoke.”

Katika karatasi za chuo alikuwa Msimamizi wa Maabara ya Lugha, nasi tuliofanya kazi chini yake tulimwita Mzee. Hapa nitamwita Msimamizi, kwa kuwa ni kazi hiyo iliyonikutanisha naye, na ni kwa kazi hiyo ninamkumbuka, kwa heshima na kwa uchungu.

Alitoka Nunguni, kule juu kwenye baridi na ukungu, naye hakukubali kamwe kwamba amehama. Katika joto la Kitui alivaa sweta ya kijivu iliyofungwa vifungo vyote. Mwenzangu Mutua alipomuuliza kama haoni joto, alijibu kwamba joto la Kitui ni la muda tu. Wakati huo alikuwa amekaa Kitui miaka kumi na moja. Ndani ya maabara alitembea kwa soksi, bila kishindo, na hilo lilitutia hofu kuliko sauti yake. Ungekuwa umeinamia kompyuta, unaamini uko peke yako, kisha ungehisi pumzi nyuma ya bega lako na kusikia swali lile lile: “Umesikia, au umeona tu?”

Maabara yenyewe ilikuwa na vibanda kumi na viwili, safu mbili za vibanda sita sita, kila kimoja na kompyuta yake na hedifoni yenye maikrofoni. Wanafunzi wa ualimu wa lugha walikuja hapo kusikiliza matamshi yao. Wengi wao, kama mimi, walikuwa wamekulia katika Kikamba na kukipata Kiswahili shuleni, na wengi walitoka na nyuso za watu waliojiona mgongoni kwa mara ya kwanza. Sisi wasaidizi tulikuwa wanafunzi vilevile. Kazi yetu ilikuwa kuwaketisha, kuziwasha mashine, kurekodi, na kuhakikisha kwamba kilichosemwa kimehifadhiwa.

Namna alivyowachagua wasaidizi ilikuwa ya kwake. Hakuuliza unajua nini kuhusu kompyuta. Alikuvisha hedifoni, akakuchezea rekodi ya chumba kisicho na mtu, kisha akauliza umesikia nini. Siku yangu nilijibu kwa unyofu kwamba sijasikia kitu. Mutua, aliyekuwa amekaa kando yangu, alisema, “Mimi nasikia feni, na mtu anakunywa chai mbali kidogo.” Msimamizi alituchukua sote wawili, lakini kwangu alisema tu, “Wewe utajifunza.” Niliyabeba maneno hayo kama tusi kwa miezi mingi.

Kila Ijumaa tulivua sponji za hedifoni, tukazifua kwa sabuni ya kipande na kuzianika kwenye kamba kati ya nguzo mbili za baraza. Watu waliopita walisimama kushangaa vile vitu vidogo vyeusi vilivyopangwa kwenye jua. “Ni soksi za panya,” Mutua aliwaambia kwa uso mkavu, na wapo walioondoka wakiamini.

Msimamizi alikuwa mzee wa kanisa na mwimbaji wa besi, lakini alikasirika alipomkuta msaidizi mgeni ameweka mikono juu ya seva iliyozima, anaiombea. “Omba,” alimwambia, “lakini kebo uangalie kwanza. Usimpe Mungu kazi yako.” Kebo ilikuwa imechomoka. Hakuziamini mashine hata kidogo. Kila kilichoandikwa kwenye kompyuta alikiandika tena kwa penseli kwenye daftari. Hata hivyo alizungumza nazo kwa upole ambao hakuna mmoja wetu aliyewahi kuupata. Kompyuta iliyokwama aliiuliza, “Nini tena, mama?” Mwanafunzi aliyekwama alimuuliza kama amekuja chuoni kulala.

Aliweza kukushtaki idarani asubuhi kwa kuchelewa dakika tano, na jioni ya siku hiyohiyo akatembea hadi bwenini kukuletea dawa ya homa, akaikabidhi mlangoni bila kuuliza hali. Kila Jumatano alituletea muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, wenye maharagwe, kutoka kwake, katika chombo cha kuhifadhi joto, akatupakulia pale barazani. Hakula nasi. Alisimama akitazama sahani zetu mpaka ziishe, kama mtu anayesimamia mtihani.

Kasoro yake moja tuliijua sote. Hakuweza kusema kwamba amekosea. Siku moja aliziunganisha nyaya za safu nzima kinyume, ikawa mwanafunzi wa kibanda cha kwanza anamsikia wa kibanda cha sita. Alitumia alasiri yote kuzifungua, na tulipokuja zamu alitueleza kwamba ameandaa zoezi la kutufundisha kutafuta hitilafu.

“Mzee,” Mutua aliuliza, “hiyo zoezi imeisha ama bado unaendelea kuiandaa?”

Wiki hiyo Mutua alipangusa meza zote, upande wa chini.

Sheria kuu ya maabara ilihusu mitihani ya kuzungumza. Mtahiniwa alisoma kifungu, kisha akazungumza juu ya mada aliyopewa, jumla dakika nane. Alipomaliza, msaidizi wa safu hiyo alitakiwa kuifungua rekodi na kuisikiliza mwanzo, katikati na mwisho, ndipo atie alama kwenye orodha yenye jina lake juu. Safu moja ilikuwa na msaidizi mmoja, naye hakubeba orodha ya mwingine. Stima ikipotea na kurudi, maikrofoni zote zilikaguliwa upya, kwa sababu baadhi ya mashine zile zilikuwa na tabia ya kuwaka huku maikrofoni zimejifunga. Msaidizi aliyetia alama bila kusikiliza aliondoka siku hiyohiyo. Tulikuwa tumesikia habari za wawili waliotutangulia walioondoka hivyo. Msimamizi hakuwasimulia kwa majuto.

Mimi sheria hiyo ilinifurahisha. Nilikuwa mwenyekiti wa chama cha uadilifu cha wanafunzi. Nilikuwa nimesimama mbele ya ukumbi uliojaa na kusoma hotuba kuhusu viongozi wanaoficha makosa yao. Siku hizo niliamini kwamba ukweli ni kitu mtu anacho au hana, kama urefu wa kimo, na kwamba mimi ninao.

Jumatatu ya mtihani wa wanafunzi wa mwaka wa mwisho, stima ilipotea alasiri kundi la tatu lilipokuwa limeketi tayari. Mlinzi aliyezoea kuwasha jenereta hakuonekana. Msimamizi hakuweza kuiacha seva. Alitazama huku na huku, kisha akasema, “Mutua, nenda kwa jenereta. Mwende, shika safu zote mbili.”

Nilijua kwamba anavunja sheria yake mwenyewe. Nakiri kwamba nilijisikia nimeheshimiwa.

Stima ya jenereta ilipokuja, nilikagua maikrofoni za safu yangu zote sita. Nilihamia safu ya Mutua, nikakagua kibanda cha saba na cha nane. Mhadhiri mtahini alikuwa akigonga kioo cha dirisha na kuonyesha saa yake. Nje, kundi lililofuata lilisimama juani. Niliinua mkono kuashiria waanze. Dakika nane zilipokwisha, nilizisikiliza rekodi za safu yangu kama inavyotakiwa. Za safu ya Mutua nilisikiliza mbili. Nne zilizobaki nilizitazama tu kwenye skrini, nikaona kila faili lina urefu wa dakika nane, nikatia alama. Mutua alirudi ananuka dizeli, akaichukua orodha yake mkononi mwangu, nasi tukaendelea na kundi la nne.

Asubuhi ya Jumanne mhadhiri aliingia na viatu vyake, na Msimamizi hakumkemea, ndipo nikajua kuna jambo. Rekodi moja ya kibanda cha tisa ilikuwa kimya kitupu, mwanzo hadi mwisho. Mtahiniwa wake alikuwa Madam Kavata, mwalimu wa shule ya msingi kutoka upande wa Mwingi, mwanamke wa makamo aliyekuja chuoni kwa likizo ya masomo. Likizo hiyo ilikuwa inakwisha mwaka huo, na isingeongezwa.

Mkuu wa idara alikuja mwenyewe kutueleza, kwa sauti ya mtu asiye na uadui na yeyote. Asiye na rekodi hakufanya mtihani. Bodi ya mitihani ingekaa Ijumaa saa sita mchana. Ikiwa kabla ya saa hiyo maabara ingekiri kwa maandishi kwamba kosa ni lake, kwa sahihi ya aliyefanya kosa, Madam Kavata angerekodiwa upya. Bila hivyo angerudia mwaka, na mwaka wa kurudia hakuwa nao.

Msimamizi aliandika taarifa siku hiyohiyo. Aliyetajwa ndani yake alikuwa Mutua.

“Mimi sitii sahihi, Mzee,” Mutua alisema. “Nilikuwa kwa jenereta.”

“Orodha ina jina lako.”

“Jina ni langu. Alama si zangu.”

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwao, nimeshika kitambaa cha kupangusia. Nilingoja Msimamizi aulize alama ni za nani. Hakuuliza. Aliikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni, akarudi kwenye seva yake.

Jumatano saa nne alituita mimi na Mutua, akatuketisha vibandani, naye akaketi cha kwake. Alisema kwamba tutasikiliza rekodi ya kibanda cha tisa. Tuliisikiliza yote. Kimya cha chumba kitupu kina vitu ndani yake, hilo nilikuwa nimejifunza kufikia hapo; kuna feni, kuna kiti, kuna mtu mbali anayekunywa chai. Hiki hakikuwa na kitu. Kilikuwa kama kuingiza mkono ndani ya mfuko na kukuta mfuko hauna mwisho. Kufikia dakika ya tatu nilisikia damu yangu masikioni. Nilimtazama Msimamizi juu ya ubao wa kibanda. Alikuwa amefumba macho, na jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Niliamini kwamba anatupima, kwamba anangoja mmoja wetu avunjike.

Dakika nane zilipokwisha alivua hedifoni. “Huyo ni mtu amesoma miaka minne,” alisema, akatoka. Siku hiyo muthokoi haukuletwa.

Nilimfuata Mutua barazani.

“Kwa nini hujamwambia?” nilimuuliza.

“Nimemwambia nilikuwa kwa jenereta.”

“Hujamwambia orodha ilibaki na nani.”

“Hiyo si yangu kusema.” Alikuwa akifungua fundo la kamba ya kuanikia, polepole, bila kunitazama. “Mwenyekiti, si ni wewe ulitusomea ile hotuba pale ukumbini? Mimi nilipiga makofi.”

“Mutua, tafadhali.”

“Nilipiga sana. Wacha nifike Ijumaa nijue kama hii mikono ilikosea.”

Natamani ningeweza kuandika kwamba maneno hayo yalinitosha. Hayakunitosha. Usiku na asubuhi nilijijengea hoja. Nilijiambia kwamba maikrofoni ndiyo iliyojifunga, si mimi niliyeifunga. Nilijiambia kwamba nilipewa kazi ya watu wawili. Nilijiambia kwamba Mutua akitia sahihi Madam Kavata ataokoka, na Mutua ni mcheshi, atapata kazi nyingine. Kana kwamba wacheshi hawapotezi kitu. Nilikuwa ninaipenda maabara ile. Nilikuwa ninalitaka neno lake jema, lile ambalo hakuwahi kunipa.

Alhamisi nilipofika zamu, Madam Kavata alikuwa ameketi kwenye benchi la nje. Hakuna aliyemwambia aingie, lakini alikuwa amevua viatu na kuvipanga chini ya benchi, akaketi miguu imekutana, kama mtoto aliyetumwa ofisini.

“Hujambo, mwanangu,” alisema.

“Sijambo, mama. Shikamoo.”

“Marahaba. Nimekuja kuona Mzee. Nataka aache kuhangaika na nyinyi vijana.” Sauti yake ilikuwa chini kiasi kwamba nililazimika kuinama. “Hii shida ni yangu. Mimi huongea chini. Hata darasani kwangu watoto wa nyuma husema, Madam, hatusikii. Ningejikaza tu kidogo hiyo siku. Nimewaza tangu juzi, nikasema, Kavata, miaka minne, na unashindwa kuinua sauti.”

“Mama, si hivyo.”

“Ni hivyo. Mashini haiwezi kuandika mtu hasikiki.” Alijaribu kutabasamu. “Nimekuja kuuliza tu kama kuna kitu inaweza kuniinua sauti.”

Niliingia ndani. Nilichukua karatasi, nikaandika ukurasa mzima bila kuinua kichwa, nikampelekea Msimamizi. Aliusoma amesimama. Alipofika mwisho aliurudisha mezani na kuweka kidole katikati yake.

“Hapa umeandika juu ya dhamiri, mistari saba. Toa.”

“Lakini Mzee, nilitaka wajue kwamba—”

“Idara haiwezi kurekodi dhamiri upya. Andika ilikuwa saa ngapi, kibanda gani, ulifanya nini, na nini hukufanya.”

Niliandika tena. Ilitosha mistari minne. Nilitia sahihi. Alikaa akiitazama karatasi ile kwa muda mrefu kuliko muda wa kusoma mistari minne, na hapo ndipo nilipolisema jambo ambalo sikuwa nimelipanga, jambo ambalo kwa siku tatu nilikuwa nimelitumia kama kinga yangu bila kulitazama sawasawa.

“Mzee, ni wewe uliniambia nishike safu zote mbili.”

“Najua.”

“Na ni wewe ulimtuma Mutua kwa jenereta.”

“Najua.”

“Basi ulijua tangu Jumanne kwamba si yeye.”

Alifungua kifungo kimoja cha sweta, akakifunga tena. “Nikiandika kwamba Mutua hakuwa kwa safu,” alisema, “watauliza nani alimtoa. Miaka kumi na moja, Mwende. Sijawahi kuandikiwa barua.”

Nilielewa wakati huo ni nani hasa aliyekuwa akipimwa siku ya Jumatano, na jasho lile lilikuwa la nini. Tulikuwa tumekaa katika vibanda viwili, yeye na mimi, kila mmoja akingoja mwenzake asikike kwanza, na kati yetu alikuwepo Mutua, ambaye peke yake hakuwa na cha kuficha.

Alivuta karatasi, akaandika chini ya sahihi yangu. Mwandiko wake ulinyooka kama kawaida. Alipomaliza alimwita Mutua, akasimama, akamsomea kwa sauti: kwamba yeye Msimamizi alimtuma Mutua nje ya chumba wakati wa mtihani, kwamba alimkabidhi mtu mmoja safu mbili, kinyume cha sheria ya maabara, kwamba alimtaja Mutua katika taarifa ya kwanza huku akijua hakuwepo.

“Soma tena hapo kwa jina langu,” Mutua alisema.

Alisoma tena.

“Hapo sawa. Na mimi natia sahihi wapi?”

“Wewe huna mahali pa kutia sahihi.”

“Basi mimi nimepita bila kuongea.” Hakuna aliyecheka, naye Mutua hakuonekana kutarajia kicheko. Alichukua kitambaa, akaenda kupangusa.

Madam Kavata alirekodiwa Ijumaa saa tatu asubuhi, katika kibanda kilekile. Msimamizi mwenyewe alimvisha hedifoni. “Mama,” alimwambia, “sauti yako haikuwa na makosa. Makosa yalikuwa ya sisi wa hapa. Ongea vile huwa unaongea.” Na yeye akaongea vile, chini chini, dakika nane, huku mstari wa sauti ukipanda na kushuka kwenye skrini. Msimamizi aliisikiliza rekodi ile yote, si mwanzo, katikati na mwisho tu. Jina la Madam Kavata lilisomwa kwenye mahafali mwaka huo.

Saa nne kamili siku hiyohiyo Msimamizi aliniita mlangoni. Alikuwa amevitoa viatu vyangu kwenye rafu na kuviweka mbele ya miguu yangu, vimetazama nje.

“Sheria ni ileile,” alisema.

Nilikuwa nimedhani kwamba kukiri kwangu kungepunguza kitu. Niliondoka nikiwa na hasira iliyodumu miaka. Sikupinga kuondolewa, nilistahili. Kilichoniuma ni kwamba yeye alipewa barua ya onyo na akabaki. Msaidizi aliyetia alama bila kusikiliza aliondoka, na msimamizi aliyemwandikia mtu asiye na hatia alirudi kwenye seva yake. Nilipokuwa nikikutana naye njiani chuoni nilisalimu kwa adabu na kupita, naye alijibu kwa adabu na kupita. Alistaafu baadaye, akarudi Nunguni. Sikwenda kumuaga.

Sasa ninafundisha Kiswahili katika shule ya upili huko Kasikeu. Mwaka jana wafadhili walituahidi kompyuta nane zilizotumika, na mwalimu mkuu alikubali nitenge chumba cha wanafunzi kusikiliza na kurekodi lugha. Niliwachagua wanafunzi watano wa kukisimamia pamoja nami. Kisha nilitambua kwamba ninajua kuendesha maabara ya lugha, lakini sijui kuijenga, na kwamba katika kaunti nzima namjua mtu mmoja tu anayejua.

Nilipanda Nunguni siku ya soko. Ukungu ulikuwa haujaondoka juu ya kabichi zilizolundikwa kando ya barabara. Nilielekezwa nyuma ya duka moja la vifaa vya ujenzi, nikamkuta katika chumba kidogo, ameinamia kipaza sauti cha kanisa kilichofunguliwa tumbo, chuma cha kulehemu mkononi. Alikuwa amekonda. Sweta ilikuwa nyingine, ya kahawia.

“Wakya, Mwende,” alinisalimu kwa Kikamba, bila mshangao.

“Aa,” niliitikia, kama mtoto wa kwao anavyomwitikia mkubwa.

Nilimweleza kilichonileta. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. “Tafuta kijana. Mimi nimemaliza mambo ya shule.”

Ningeweza kuaga. Lakini nilikuwa nimepanda mlima ule na swali jingine, na sasa nadhani lilikuwa ndilo la kwanza.

“Mzee, kama nisingeingia Alhamisi ile na karatasi yangu, ungeandika yako?”

Aliweka chuma kwenye kishikizo chake. Moshi mwembamba uliendelea kupanda kati yetu.

“Hapana,” alisema.

Alipangusa vidole kwa kitambaa kilichokuwa mezani.

“Nimejiambia mara nyingi kwamba ningeandika Ijumaa asubuhi. Si kweli. Jumatano, baada ya kusikiliza, niliandika barua ya pili kwa idara, wamlazimishe Mutua. Ilikuwa hapa mfukoni wakati wewe ulikuwa unaingia.”

“Na baada ya hapo ukanifukuza.”

“Nikakufukuza. Na mimi nikabaki. Hiyo pia naijua, usifikiri siijui.” Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu niingie. “Na wewe? Kama yule mama hangekuja kukaa pale nje?”

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimelisema kwa watu wengi, na kwa nafsi yangu kila nilipomhukumu. Nililifungulia mdomo, nikaona jinsi anavyosikiliza, kichwa kimeinama kidogo upande mmoja.

“Sijui,” nilisema.

“Sema vizuri.”

“Nadhani ningenyamaza, Mzee.”

Aliitikia kwa kichwa, polepole, akachukua chuma chake na kugusa waya mmoja ndani ya kipaza sauti. “Hao wanafunzi wako ni wangapi?”

“Watano.”

“Uwaambie. Yangu na yako, yote, usipunguze. Yule bado atataka kufundishwa na mtu kama mimi, umlete Jumamosi.”

Niliwaambia siku ya Alhamisi baada ya vipindi, mlango umefungwa. Nimefundisha masomo mengi magumu, lakini hakuna lililokuwa gumu kama lile. Nilitaja kibanda, saa, nilichofanya na nisichofanya, na barua iliyokuwa mfukoni. Hawakuuliza maswali mengi.

Jumamosi nilifika Nunguni na wanne. Msimamizi alitoka mlangoni, akawatazama mmoja mmoja.

“Ulisema watano.”

“Mmoja amekataa, Mzee. Amesema hawezi kufundishwa kazi ya kuaminiwa na watu wawili waliongoja kusukumwa.”

“Amesema hivyo mbele yako?”

“Mbele yangu, na wenzake wakisikia.”

“Anaitwa nani?”

Nilisita, kwa kuwa niliijua sauti hiyo tangu zamani, na nilidhani najua kinachofuata. “Ndinda,” nilisema. “Ni wa kidato cha tatu.”

“Usimlazimishe kuja,” Msimamizi alisema, akiwapisha wale wanne waingie. “Lakini kompyuta zikifika, ufunguo wa chumba akae nao yeye.”